Kukadiria Gharama ya Kubadilisha Stata ya Gari Jijini Nairobi

Gari linapokataa kuwaka asubuhi, wenye magari wengi huuliza bei ya stata (mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake) kabla ya kujua kama kosa liko kwenye stata. Katika gereji ninamofanya kazi, Eneo la Viwandani, nimewarudisha wateja nyumbani na stata ileile waliyokuja nayo, baada ya kusugua tu terminali za betri zilizoota unga mweupe.

Hatua ya 1: Pima betri na waya

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takribani volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na karibu nusu ya chaji, na ingawa redio na taa zitawaka, huenda isiweze kuzungusha injini. Mwombe mwenzako apige stata huku ukiangalia mita ya volti iliyounganishwa na betri: usomaji ukishuka chini ya volti 9.6, shughulikia betri kwanza. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bloku ya injini, apige stata tena. Ukiona zaidi ya nusu volti, waya wa athi (unaounganisha hasi ya betri na injini) una kasoro, na bei ya waya huo ni nafuu mno ukilinganisha na ya stata.

Hatua ya 2: Sikiliza

Mlio wa "tak-tak-tak" wa haraka huashiria betri dhaifu. Injini ya stata ikizunguka kwa kelele bila kuivuta injini ya gari, gia ndogo ya mbele haishiki. Ukimya mtupu unaweza kutoka kwenye rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme), swichi ya ufunguo, au, kwa gari la otomatiki, gia ambayo haikukaa sawasawa kwenye P (ya kuegesha).

Mlio ninaoupenda zaidi ni "tak" moja nzito huku taa kubwa zikibaki na mwanga wake. Katika stata nyingi za magari ya Toyota, huo huwa ni ulikaji wa vipande vya shaba ndani ya solenoidi (swichi ya sumaku ya stata), ambavyo hubadilishwa peke yake. Mteja asiyejua jambo hili hununua stata nzima kwa sababu ya vipande viwili vinavyoenea kiganjani.

Hatua ya 3: Stata ifunguliwe mbele yako

Waya wa hasi wa betri utolewe kwanza, kwa kuwa waya mnene wa stata una umeme wakati wote. Kumbuka kwamba stata inayozunguka mezani haina mzigo, hivyo jaribio hilo pekee halitoshi. Brashi za kaboni, zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, na vile vipande vya shaba vikaguliwe pia.

Hatua ya 4: Omba bei tatu

Uliza bei ya kukarabati, ya stata ya mtumba kutoka Japani, na ya stata mpya. Ukienda Kirinyaga Road, barabara ya maduka ya vipuri ambayo wengi bado huiita Grogan, beba stata yako mkononi, maana jina la gari halitoshi. Linganisha volti, kilowati, idadi ya meno na matundu ya bolti. Kwa kila bei, uliza kama imejumuisha VAT ya asilimia 16, kama stata ya zamani inabaki dukani, na kama ya mtumba ikigoma utarudishiwa fedha au utapewa nyingine tu. Kwangu mimi, ikiwa kasha na koili (nyaya zilizosokotwa ndani ya stata) ni nzima, ukarabati wa fundi makini hushinda mtumba usiojulikana umefanya kazi kiasi gani.

Hatua ya 5: Ongeza malipo ya fundi

Hapa ndipo magari hutofautiana sana. Kwa magari mengi madogo, stata hutoka kwa bolti mbili. Kwa Land Cruiser 100 ya petroli yenye injini ya V8 ya lita 4.7, imefichwa chini ya manifoldi ya hewa (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini), na ni lazima manifoldi iondolewe na gasketi zake zinunuliwe. Patana malipo ya kazi kabla ya spana kugusa bolti. Ikiwa stata ilitoka imelowa oili, weka pia fedha za kuziba uvujaji huo, la sivyo stata mpya italoweshwa vilevile.

Baada ya kufunga, rudieni vile vipimo viwili vya kupiga stata vya Hatua ya 1 injini ikiwa baridi, kisha ndipo ulipe na kuchukua risiti iliyoandikwa muda wa waranti.