Umecheza wavu mpaka ukabeba makombe, sasa unataka ukocha? Anza hivi

Wachezaji wetu wakali wa Dar wakimaliza kucheza wengi wanaishia kukaa jukwaani pale Uwanja wa Ndani wa Taifa wanalaumu makocha, na mimi inaniuma kweli maana vichwani mwao kuna mpira mwingi sana unaopotea bure.

Kwanza usisubiri ustaafu. Ukiwa bado unacheza nenda shule yoyote mtaani kwenu, ongea na mwalimu wa michezo, omba jioni mbili tu kwa wiki, saa kumi na nusu hivi jua likishapungua makali.

Halafu jifunze kueleza kile mwili wako unachofanya wenyewe. Hapa ndo pagumu, mastaa wengi ukiwauliza spaiki, yaani kuruka na kuupiga mpira kwa nguvu kwenda upande wa pili, inapigwaje watakwambia "ruka, piga", sasa dogo ameambiwa nini hapo? Kama anatumia mkono wa kulia mwonyeshe hatua tatu: kushoto, alafu kulia-kushoto za harakaharaka, ile ya kulia iwe ndefu na kisigino kitangulie chini, mikono irudi nyuma kisha ipande naye. Afanye bila mpira mpaka miguu izoee ndo umrushie. Wavu wa wanaume ni mita 2.43, wa wanawake 2.24, ila kwa watoto shusha bila kuona aibu, la sivyo watazoea kupiga kwa kubetua mpira juu. Na kama mipira ni miwili na watoto kibao, wengine wapokee ukutani, wengine warudie hatua.

Mtazame Lang Ping wa China. Alichukua dhahabu ya Olimpiki 1984 Los Angeles kama mpigaji, lakini dhahabu ya ukocha ilikuja 2016 Rio, miaka 32 baadaye, na katikati hapo alifundisha hadi Marekani wakapata medali ya fedha Olimpiki ya 2008. Kule Rio timu yake ilifungwa mechi tatu kati ya tano za makundi, ikapenya hivyohivyo, ikaitoa Brazil kwao kwenye robo fainali. Kwa hiyo ukipoteza msimu wa kwanza usikimbie jamani.

Vyeti navyo muhimu. FIVB, shirikisho la wavu la dunia, wana kozi za ukocha kwa ngazi, ulizia chama cha wavu cha mkoa ni lini wanaleta ya ngazi ya kwanza, na usikae kimya ukisubiri kupigiwa simu.

Siku ya mechi kaa na daftari, andika sevu (mipira ya kuanzishia) zilizopotea na nani anapokea vibaya akiwa nafasi namba ngapi uwanjani, sio kupiga kelele mwanzo mwisho. Taimauti, ule muda kocha anaoomba mchezo usimame, ni sekunde 30. Ukitaka kusema mambo matano hawatoki na hata moja, we mwambie seta, yule anayewaandalia wapigaji mpira, unaofuata ampe nani, wape maji, warudi ndani.