Friji bovu Uingereza: usimpe kila mwenye gari

Kabla hujampigia simu mtu wa gari aje kulibeba friji lako bovu, fungua mlango utafute kibandiko chenye aina ya gesi inayolipoza. Mara nyingi kiko ubavuni kwa ndani, karibu na droo za mboga, au nyuma jirani na kompresa, pampu inayosukuma gesi hiyo. Ukisoma R600a, hiyo ni isobutani, ndugu wa gesi ya kupikia. Haidhuru ozoni, lakini inawaka. Ni gramu chache tu, kwa kawaida hazifiki 100, ila zikivuja penye cheche zinatosha kuleta balaa. R134a haiwaki, lakini kilo moja ikiachiwa hewani hupasha dunia joto kama kilo zaidi ya 1,400 za kabonidayoksaidi. R12 utaikuta kwenye mafriji ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990. Hiyo hula tabaka la ozoni, na mara nyingi hata povu lililojazwa ndani ya kuta lina gesi ya jamii hiyo.

Mnunuzi wa vyuma chakavu anataka kompresa na shaba. Akikata bomba, gesi yote imekwenda, na ganda linalobaki huishia kichochoroni. Likijulikana limetoka kwako, hutasalimika kwa kusema ulimlipa mtu: England, mkaazi wa nyumba aliyekabidhi taka kwa asiyesajiliwa anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 600. Mwombe namba ya usajili, ambayo huanza na CBDU, iangalie kwenye daftari la wazi la Environment Agency, wakala wa mazingira wa England, kabla hajapakia, na uchukue risiti. Anayesitasita kuitoa, usimpe mzigo.

Ukinunua friji jipya, uliza kabla ya kulipa kama watalichukua la zamani. Maduka makubwa hulipokea bure ukilipeleka mwenyewe. Wakija kulibeba nyumbani wanaweza kukutoza usafiri. Kaunsili, yaani halmashauri ya eneo lako, nayo huja kuchukua kwa ada, au unalipeleka kwenye kituo chake cha taka. Huko kwa kawaida hulipi, lakini vituo vingi vinataka uweke miadi, na ukienda na gari la mizigo vingine hudai kibali. Madereva wengi hurudishwa getini kwa hilo.

Lizime siku moja kabla ya kubebwa, milango wazi, taulo chini. Barafu usiichokoe kwa kisu: bomba lililo nyuma ya ukuta ule wa plastiki ni laini, na ukilitoboa umeimwaga gesi ndani ya nyumba. Bebeni watu wawili, likiwa wima. Likisubiri nje hata usiku mmoja, ng'oa mlango au lifunge kwa kamba imara. Mtoto akijifungia ndani hukosa hewa.

Wengi wetu huwaza kulitia kwenye kontena la kwenda nyumbani Afrika Mashariki. Kama linafanya kazi, sawa: lipimwe, karatasi ya vipimo ibandikwe juu yake, lifungwe vizuri lisipondeke. Likiwa bovu, kisheria ni taka, na tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel, wa kimataifa kuhusu usafirishaji wa taka, unadai kibali cha nchi inayopokea kwa taka zote za kielektroniki, ziwe za hatari au la. La R12 halisafirishwi hata kama linagandisha. Na likifika Dar au Mombasa, liache wima saa 24 kabla ya kuliwasha, ili mafuta yaliyotambaa mabombani yarudi kwenye kompresa.

Aliye Marekani ana tatizo jingine. Friji la huko ni la volti 120 na hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), na transfoma hubadilisha volti tu. Kwa hezi 50 za nyumbani, mota isiyotengenezwa kwa hezi hizo huzunguka polepole, hupata moto, na kuungua. Bora umpe jirani wa hukohuko.