Moshi hadi Ujiji kwa treni: namna ya kupanga ziara ya miji mitakatifu na ya kale

Mimi naandaa safari za vikundi vidogo kutoka hapa Moshi: wanakwaya, walimu, wazee wa parokia, na mara nyingine majirani zetu Waislamu wanaotaka kufanya ziara Bagamoyo. Swali la kwanza huwa lile lile: kwa nini treni, wakati basi la asubuhi linafika Dar es Salaam siku hiyo hiyo?

Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kwa sehemu kubwa ilifuata njia iliyokuwa ikikanyagwa na misafara ya pembe za ndovu na watumwa kati ya pwani, Unyanyembe (eneo la Tabora ya leo) na Ujiji. Miji mitakatifu na ya kale ya upande huu wa nchi imepangana kwenye njia hiyo. Ukiipita kwa treni, kituo baada ya kituo, unaelewa kwa nini msikiti uko pale, kwa nini misheni iko pale, na kwa nini miembe imesimama mstari mmoja katikati ya pori. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio: anza pwani, malizia ziwani. Huo ndio mwelekeo ulioyafikisha mambo mengi bara, dini zikiwemo.

Hatua ya 1: Anzia nyumbani

Kabla ya kukata tiketi, chukua siku moja upande Kilema. Parokia ile ilianzishwa mwaka 1890 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliotoka Bagamoyo. Kwa Mkatoliki wa Kilimanjaro, basi, safari ya Bagamoyo ni safari ya kwenda kwenye chimbuko la parokia yake, na nimeona watu wakiifanya kwa moyo tofauti kabisa baada ya kulijua hilo. Walutheri wana Machame, ambako wamisionari wa Leipzig walifika 1893. Ukibaki na muda, pitia Old Moshi, ambako Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Moshi, na wenzake mwaka 1900. Historia ya reli hii na historia ya unyongaji ule ni za utawala mmoja, si vizuri kuzitenganisha.

Hatua ya 2: Panga siku zako kwa kufuata treni

Wengi hukosea hapa: huomba likizo kwanza, ndipo wanauliza ratiba. Treni ya abiria ya kaskazini haitoki kila siku, wala ya Kigoma haitoki kila siku, na siku zake hubadilika. Nenda stesheni ya Moshi au Arusha mwenyewe, uliza ratiba ya wiki unayoitaka, iandike kwenye karatasi, halafu panga likizo juu yake.

Epuka masika. Mvua za Machi hadi Mei husomba tuta la reli, hasa ile ya zamani upande wa Kilosa, na safari zikisitishwa huna la kufanya. Mimi nasafirisha watu kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba.

Tiketi kata kipande kwa kipande: Moshi hadi Dar, Dar hadi Dodoma, Dodoma hadi Tabora, Tabora hadi Kigoma. Kila mmoja aje na kitambulisho, na jina la kwenye tiketi lilingane nacho. Kati ya kipande na kipande weka siku ya akiba. Siku hiyo si ya kupoteza: ndiyo siku ya kuzunguka mji. Treni ikichelewa inakula siku ya akiba tu, na ratiba nyingine inabaki salama.

Hatua ya 3: Chukua behewa la kulala

Kwenye treni ya Dar na ile ya Kigoma kuna daraja la tatu, daraja la pili la kukaa na daraja la pili la kulala. Kwa ziara kama hii sitanii: chukua la kulala. Utashuka asubuhi uingie kanisani au msikitini, na mtu aliyekesha amekaa hana sala wala hana macho ya kutazama.

Wanaume na wanawake huwekwa vyumba tofauti, isipokuwa kikundi kikichukua chumba kizima. Kikundi chako kikiweza kujaza chumba, kichukueni chote. Beba shuka mbili, moja ya kutandika na moja ya kujifunika, sweta, kandambili, tochi, ndoo ndogo yenye mfuniko, na maji ya kunywa ya kutosha siku nzima. Usiku, treni inapopunguza mwendo kuingia kituoni, funga dirisha kabla haijasimama, na simu isilale karibu na dirisha. Begi likae upande wa kichwa. Mabehewa ya chakula yapo, chakula chake kinalika, lakini mboga kuu ya safari hii utainunua dirishani.

Hatua ya 4: Usiku wa kwanza, Moshi hadi Dar

Reli yetu ya kaskazini ilianzia Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi 1911. Arusha iliipata 1929. Kipande kinachotuunganisha na reli ya kati, kutoka Mnyusi hadi Ruvu, kilikamilika baada ya Uhuru, 1963. Treni za abiria zilikatika miaka mingi, zikarudi Moshi mwishoni mwa 2019 na Arusha 2020.

Treni hutoka Arusha mchana na kupita Moshi kuelekea jioni. Kaa upande wa kushoto. Mara baada ya Kahe, Milima ya Pare inakuja upande huo na kukusindikiza mpaka giza liingie. Ukifika Korogwe umeshalala. Dar unaamkia.

Hatua ya 5: Dar kwa nusu siku, Bagamoyo kwa siku mbili

Stesheni ya Dar iko jirani na makanisa mawili ya zamani, unaweza kwenda kwa miguu: Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, na la Kilutheri la Azania Front, la 1898, yote yakitazama bandari. Yatembelee asubuhi, pumzika, kisha panda gari la Bagamoyo pale kituo cha mabasi cha Makumbusho. Ni kama kilomita 70 na hakuna treni.

Bagamoyo usiifanye ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Nakuomba. Lala usiku mmoja, ukiweza miwili.

Siku ya kwanza nenda misheni, iliyoanzishwa 1868. Mapadre walikuwa wakiwakomboa watumwa na kuwajengea kijiji. Mbuyu waliouotesha mwaka ule ungalipo, na watu wanane hawauzungushi mikono kwa urahisi. Kuna mnara wa kanisa la kwanza: hapo ndipo ulipolazwa mwili wa David Livingstone usiku mmoja, Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, alikofia Mei 1873. Viongozi wengi humzungumzia zaidi aliyebebwa. Kikundi changu huwa nakisimamisha hapo kwa ajili ya waliobeba.

Kisha makaburini. Tembea mstari kwa mstari, polepole, usome tarehe za kuzaliwa na za kufa kwenye misalaba. Piga hesabu ya umri. Mapadre, mabruda na masista, wengi walikufa vijana, baadhi wakiwa hawajamaliza muda mrefu tangu washuke melini. Malaria haikuwapa nafasi. Wazee wa Kilema wakifika hapa huvua kofia bila kuambiwa, na mara nyingi rozari huanzishwa na yeyote. Usiharakishe watu katika sehemu hii.

Siku ya pili ni ya mji mkongwe na Kaole. Mjini kuna karavansarai, palipofikia wapagazi. Kuna pia kumbukumbu ya Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya. Aliletwa Bagamoyo akiwa mtoto, mtumwa, kutoka Umanyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Akasoma, akawa mwanachuoni na kiongozi wa tarika (njia ya Kisufi) ya Kadiria, na alipofariki 1931 mji wote ulikuwa ukimheshimu. Wafuasi wa tarika bado hukusanyika Bagamoyo kila mwaka kwa ziara. Ukifika wakati huo, msalimie mzee wa mahali, jitambulishe unatoka wapi, omba ruhusa kabla ya kuingia na kabla ya kutoa simu kupiga picha. Ni maisha yake, kuliko ya mtu mwingine yeyote, yanayonifanya nitake watu wasafiri njia yote: njia aliyoletwa nayo kwa nguvu, wewe utaifuata kinyume chake mpaka ziwani.

Kaole iko kilomita chache kusini. Ni magofu ya misikiti miwili na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yana nguzo. Kwenye kaburi la Sharifa watu bado huja kuomba dua na kuacha sadaka. Usiguse vilivyowekwa. Viatu vua mahali unapoelekezwa, kina mama wabebe mitandio, kina baba wasiende na kaptula.

Hatua ya 6: SGR (reli mpya ya kisasa) hadi Dodoma

Rudi Dar, panda treni ya umeme Stesheni ya Magufuli. Ilianza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, na mwendo ni kama saa nne. Fika mapema, kuna ukaguzi wa mizigo. Ukipata mchongoko (ile treni yenye pua iliyochongoka) au treni ya kawaida, kwa ziara hii ni sawa tu.

Dodoma yenyewe usiku mmoja unatosha. Swali Ijumaa Msikiti wa Gaddafi kama siku imeangukia hapo. Kumbuka stesheni ya SGR na ile ya reli ya zamani ni majengo mawili tofauti, mweleze bajaji vizuri.

Hatua ya 7: Dodoma hadi Tabora

Hapa unarudi kwenye reli nyembamba ya mita moja, na mwendo unashuka. Mwanga ukiwepo, kaa dirishani kati ya Saranda na Manyoni: treni inapanda ukuta wa Bonde la Ufa kwa kujipinda, na nyuma yako nchi ya Bahi inabaki chini, tambarare. Vituoni wachuuzi wanakuja mpaka dirishani na kuku, viazi vitamu, karanga, asali. Shika chenji mkononi, treni haisubiri mtu arudishiwe hela. Kutoka pwani hadi Tabora mpagazi alitembea takriban miezi mitatu, mzigo kichwani.

Tabora shuka, hata kama tiketi ya moja kwa moja hadi Kigoma inaonekana rahisi. Chukua bodaboda au bajaji hadi Kwihara, nje kidogo ya mji. Kuna tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872; Stanley alikuwa naye hapo mpaka Machi, kisha akaelekea pwani. Kuta za udongo ni nene, mlango ni wa nakshi za Kiswahili, na ndani kuna ubaridi hata saa saba mchana. Muulize pia mwenyeji wako habari za Mtemi Isike, mtawala wa Unyanyembe, aliyejilipua ndani ya ngome yake Januari 1893 kuliko kuwaangukia Wajerumani. Mjini ipo shule ya Tabora, aliyosoma Mwalimu Nyerere, na miembe mikubwa ya barabarani. Asali nunua siku ya kuondoka, si ya kufika.

Hatua ya 8: Tabora hadi Kigoma na Ujiji

Ni kama kilomita 410. Treni inavuka Malagarasi, mto ulioisumbua misafara, na kupita Uvinza, ambako watu wamechemsha chumvi ya chemchemi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Stesheni ya Kigoma ni mwisho wa reli na ni jengo zuri la Kijerumani. Meli ya Liemba nayo ilikuja kwa reli hii, vipande vipande, ikaungwa hapa na kushushwa majini 1915.

Ujiji ni mwendo mfupi kwa daladala. Mnara wa Livingstone na Stanley, waliokutana Novemba 1871, umezungushiwa uzio, na ufuko umesogea mbali tangu siku zile. Ukishaona hapo, ingia mitaani: nyumba za baraza, bao, madrasa, Kiswahili cha pwani kilichofika hapa kabla ya reli. Ukiwa Mwislamu, swali Adhuhuri msikiti wa karibu. Ukiwa Mkristo, kaa barazani usikie adhana.

Hatua ya 9: Kurudi

Mwenye haraka apande basi la Kigoma hadi Arusha kupitia Nzega, Singida na Babati. Mwenye siku mbili zaidi arudi kwa treni hadi Dodoma, kisha apande basi la Babati linalopita Kondoa na kushuka Kolo, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa Urithi wa Dunia mwaka 2006, ambako wenyeji bado hufanya matambiko. Anzia ofisi ya Mambo ya Kale pale pale Kolo, lipia, upewe kiongozi. Beba viatu vya kupandia mawe, na uwe umerudi barabarani mapema alasiri, ili upate gari la Babati na Arusha kabla ya giza.