Kupanda Mti Bustanini: Shimo Liwe Pana, Lisiwe Refu

Mche uliozikwa kwa kina kupita kiasi haufi siku hiyo wala mwezi huo. Huendelea kuchipua, kisha baada ya mwaka mmoja au miwili majani huanza kupungua, na mwenye bustani hulaumu wadudu au jua kali, ilhali gome lililofukiwa limekuwa likioza polepole na mizizi imekuwa ikikosa hewa. Kwa hiyo, kabla ya kushika jembe, tafuta mahali ambapo shina hutanuka na kuanza kugawanyika kuwa mizizi. Katika miche ya kitaluni mahali hapo mara nyingi hufichwa na udongo wa kwenye kiriba, yaani mfuko wa plastiki ulimokuzwa mche. Ukwangue kwa vidole hadi uuone mzizi mnene wa kwanza, kwani hapo ndipo panapopaswa kulingana na uso wa ardhi.

Mahali pa kupanda pachaguliwe kwa kuufikiria mti uliokomaa, pamoja na ukuta, mabomba na nyaya zilizo karibu.

Chimba shimo lenye upana wa mara mbili au tatu ya donge la mizizi, yaani mizizi pamoja na udongo ulioshikamana nayo, lakini kina chake kisizidi kimo cha donge hilo, kwa sababu mizizi mingi hutambaa karibu na uso wa ardhi, na donge lililokalishwa juu ya udongo uliotifuliwa hutitia baadaye. Kwenye udongo wa mfinyanzi, jembe huacha kuta za shimo zikiwa laini kama chungu. Zikwaruze ili mizizi ipate pa kupenya. Jaza shimo maji, na yakiwa bado yametuama kesho yake, panda juu ya tuta au tafuta mahali pengine.

Mwagilia mche ungali ndani ya kiriba, kisha ukichane kwa wembe na uutoe kwa kushika donge, si shina. Mizizi iliyojizungusha inyooshwe au ikatwe, kwa maana ikiachwa hivyo huweza kulikaba shina miaka mingi baadaye. Ukishausimamisha mche, laza fimbo iliyonyooka juu ya shimo kutoka ukingo hadi ukingo: mzizi ule wa kwanza ukiwa chini ya fimbo, toa mche na urudishe udongo kidogo, kisha uushindilie.

Fukia kwa udongo ule ule uliouchimba. Wengi hujaza samadi shimoni, nami sioni faida yake, kwani samadi mbichi huunguza mizizi. Mboji iliyoiva itandazwe juu. Bonyeza udongo kwa mikono, kisha mwaga maji taratibu, lita 10 hadi 20 kwa mche mdogo. Weka matandazo, yaani majani au nyasi kavu za kufunika udongo, ya unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka shina. Kijiti cha kuuegemeza mche kinahitajika tu pale unapoyumba kwa upepo. Kamba isikaze, na vyote viondolewe baada ya mwaka mmoja.

Kwa mwaka wa kwanza, chimbua kwa kidole chini ya matandazo kabla ya kumwagilia, na umwagilie pale tu udongo unapoanza kukauka. Mvua kubwa ya kwanza ikipita, rudi na ile fimbo, kwa sababu mche uliotitia ni rahisi kuuinua kabla mizizi haijashika.