Jinsi ya kuomba ruzuku ya utafiti ya serikali kama una kakampuni kadogo ka nishati hapa Dar

Habari za saa hizi wadau. Mimi natengeneza mkaa mbadala wa vifuu vya nazi, karakana ipo Mbagala, na mpaka leo nishaandika maandiko manne ya kuomba hela za utafiti za serikali. Matatu yalikataliwa, moja likapita. Kila wiki kuna mtu ananipigia "kaka hizi ruzuku mnazipataje", na kila mara naanza kuelezea upya, kwaiyo leo naandika yote hapa, nilivyofanya mimi na pale nilipokosea, ili mwenye jiko lake, betri yake ya bajaji au mtambo wake wa biogesi asipoteze miezi kama nilivyopoteza mimi.

Kitu cha kwanza kabisa, kabla hata ya hatua: hii hela inatolewa ili upate jibu ambalo bado halipo. Haitolewi ukanunue mashine ukaanze kuuza. Andiko langu la kwanza lilikuwa zuri tu, lina soko, lina faida, lina picha za wateja, likarudi na swali moja la mpitiaji: utafiti uko wapi hapa? Niliumia sana siku ile ila alikuwa sahihi kabisa, nilikuwa naomba mtaji kwenye dirisha la utafiti.

HATUA YA 1: Jua unagonga mlango gani

Kwa utafiti na ubunifu mlango mkubwa ni COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, pale Kijitonyama Sayansi, ilianzishwa kwa sheria ya 1986 na ina mfuko wake, Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, ambao wengi wanauita MTUSATE, upo tangu 1995. Mfuko huu hauko wazi kila siku kama duka, unasubiri tangazo, tangazo lina mada zake na tarehe ya mwisho, sasa usisubiri litoke ndo uanze kuandika maana muda hautakutosha. Kuna pia MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya ubunifu yaliyoanza 2019, kama bado una wazo na sampuli tu basi anzia huko, watu wa COSTECH watakujua wewe na kazi yako.

REA, wakala wa nishati vijijini, ilitokana na sheria ya 2005 na hela yake nyingi inaenda kufikisha umeme na nishati kwa watu. Kama teknolojia yako ishathibitika na unataka kuipeleka vijijini nenda huko, kama bado unajaribu sio mahali pake. Na kama unachotaka ni mtaji wa kuzalisha basi nenda halmashauri yako ukaulize ile mikopo ya asilimia 10, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, haina riba, jiungeni kikundi muombe. Hakuna aibu yoyote kwenda huko, ni bora kuliko kulazimisha mtaji uitwe utafiti.

Alafu kuna hii inayozunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp, ruzuku za Wizara ya Nishati ya Marekani kwa biashara ndogo, mpango unaitwa SBIR. Ni mpango wa kweli, ulianza 1982, sheria yao inazitaka taasisi zenye bajeti kubwa ya utafiti wa nje zitenge asilimia 3.2 kwa ajili ya kampuni zenye watu wasiozidi 500. Ila kampuni lazima iwe ya Marekani, zaidi ya nusu imilikiwe na raia au wakazi wa kudumu wa huko, na kazi ifanyike huko. Kampuni yako ya Mbagala haimo. Mtu akikwambia umpe hela akuombee, usimpe. Ila namna walivyoupanga inafundisha, ntairudia huko chini.

HATUA YA 2: Makaratasi

Hapa sikai sana. Kampuni isajiliwe BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipa kodi), leseni hai, akaunti ya benki kwa jina la kampuni (sio lako wewe), kitambulisho cha NIDA, uthibitisho wa TRA kwamba hudaiwi. Viweke kwenye folda moja kwenye simu na kwenye kompyuta. Angalia jina la kampuni limeandikwa sawa kila mahali, herufi kwa herufi, maana niliwahi kukwama siku tatu kwa sababu benki waliandika "Enterprise" na BRELA ni "Enterprises".

HATUA YA 3: Tafuta swali lako

Hapa ndo penyewe, na hapa ndo nawaomba mtulie.

Swali la utafiti halitafutwi kwenye mtandao, lipo kwenye kazi yako, kwenye kile kinachokusumbua kila siku na hata mafundi wenzako hawana jibu. Mimi kilichokuwa kinaniua ni masika. Kuanzia Machi mpaka Mei mkaa haukauki, tunaunganisha kwa uji wa muhogo sasa ukikaa na unyevu siku nne tano unaota ukungu mweupe, mteja anarudisha gunia. Miaka miwili nililalamika tu, mpaka mwalimu mmoja wa uhandisi akaniuliza, joto la pipa lako la kuchomea vifuu linaenda wapi? Linaenda hewani. Basi swali likazaliwa: je joto linalopotea kwenye pipa linaweza kukausha mkaa mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 10 ndani ya saa 24, masika, bila kuongeza kuni wala umeme?

Ona lilivyo. Lina namba, lina muda, linaweza kujibiwa ndio au hapana, na hapana nayo ni jibu. Linganisha na lile la mwanzo, "kuboresha uzalishaji wa nishati safi kwa jamii", hilo huwezi kulipima hata ukipewa miaka kumi.

Baada ya hapo piga hesabu kwenye karatasi uone kama kitu kinawezekana kabla hujaomba hata shilingi. Chukua kilo 100 za mkaa mbichi wenye unyevu wa asilimia 35. Kitu kikavu humo ni kilo 65. Ukitaka ubaki na unyevu wa asilimia 10, uzito wa mwisho ni 65 gawanya kwa 0.9, kama kilo 72, maana yake utoe kilo 28 za maji. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunataka kama megajuli 2.4, kwaiyo jumla ni kama megajuli 67. Kilo moja ya mkaa mzuri ina kama megajuli 29, ina maana joto lote hilo ni sawa na kilo mbili na kitu za mkaa. Hata ukipoteza nne ya tano ya joto njiani bado ni sawa na kilo 12 hivi. Hesabu hii ilikaa ukurasa wa kwanza wa andiko lililopita, na naamini ndo iliyonibeba, kwa sababu mpitiaji akiiona anajua huyu mtu hajakurupuka.

Wa majiko fanyeni hivyo hivyo na ufanisi wa jiko, wa betri na idadi ya kuchaji mpaka uwezo ushuke. Kila teknolojia ina hesabu yake ya ukurasa mmoja.

HATUA YA 4: Pata mwenzako mwenye maabara

Sisi wa mtaani tuna mikono, vipimo hatuna. Nenda TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda, pale Msasani, nenda Chuo Kikuu Mlimani kitivo cha uhandisi, nenda DIT, taasisi ya teknolojia, beba sampuli mkononi, usibebe maneno matupu. Mwambie unataka kupima nini: unyevu kwa oveni ya nyuzi 105, majivu, thamani ya joto. Wa majiko ulizeni kipimo cha ISO 19867 cha 2018, kinapima ufanisi, moshi na usalama, na majibu yake yanaeleweka popote duniani. Omba barua ya ushirikiano mapema kabisa, barua ya chuo inapita meza nyingi. Na muandikiane nani anamiliki nini kitakachopatikana, mkiwa bado marafiki.

HATUA YA 5: Gawa kazi vipande viwili

Hapa ndo narudi kwa Wamarekani. Mpango wao unaanza na awamu fupi, miezi sita mpaka kumi na mbili, ya kuthibitisha tu kama kitu kinawezekana, ukifaulu ndo unaomba awamu ya pili yenye hela kubwa ya kutengeneza chenyewe. Mimi niliandika hivyo hivyo: miezi minne pipa moja dogo na kikaushio kimoja, nikaweka wazi kwamba tukishindwa kufika chini ya asilimia 15 hata baada ya kurekebisha tunasimama na tunaandika kwa nini. Ukiandika utasimama wapi mtu anakuamini na hela yake.

Pia unganisha na mipango ya nchi lakini kwa sentensi mbili tu. Mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe. Sema kazi yako inagusa wapi, basi, usijaze kurasa tatu za sera, wanazijua.

HATUA YA 6: Bajeti

Nusu ya watu wanaangukia hapa. Kila kitu kiwe na bei kutoka kwenye proforma (karatasi ya bei ya muuzaji kabla hujanunua), na kiwe na kazi kwenye mpango wako. Ukiandika laptop tatu kwenye mradi wa kukausha mkaa, utaulizwa. Weka bei ikiwa na VAT ndani yake maana kama hujasajiliwa VAT hutarudishiwa. Mtaalamu unayemlipa ana kodi ya zuio asilimia 5, unakata unapeleka TRA wewe. Weka usafiri wa sampuli, weka gesi ya kuchomelea, weka posho ya fundi. Fungu la dharura usilizidishe.

Na hapa naomba mnisikilize. Nilinunua mabomba na bati Gerezani kwa fundi ninayemwamini, risiti ya mkono, bei poa. Wakati wa kurejesha hesabu zile risiti hazikukubalika, nikazilipa mwenyewe kutoka mfukoni, na mwezi ule kijana wangu wa karakana nilimlipa nusu mshahara. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, au usinunue. Mwambie muuzaji kabla hujashusha mzigo.

HATUA YA 7: Linda kabla hujaonyesha

Kama ndani kuna kitu kipya kweli, nenda BRELA ukaulizie hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) kabla hujapeleka maonyesho ya Sabasaba na kabla hujaposti video. Ukishakianika hadharani unaweza kupoteza upya wake. Kwenye andiko lenyewe eleza kinafanya nini na kwa matokeo gani, vipimo vya siri vya ndani usiviweke vyote.

HATUA YA 8: Tuma, alafu simamia

Mpe mtu mmoja asiye wa fani alisome, mimi namtumia dada yangu nesi, asipoelewa naandika upya. Tuma siku tatu kabla, siku ya mwisho mtandao unakuwa mzito na umeme ndo siku hiyo unakatika. Ukikataliwa omba maoni kwa maandishi, hayo maoni ndo yalinifundisha kuliko semina zote.

Ukipata, hela inakuja kwa awamu na awamu ya pili inategemea ripoti ya kwanza. Nunua daftari kubwa, andika tarehe, saa, joto, unyevu, uzito, kila siku, hata siku ya mvua ambayo hakuna kilichoenda sawa. Jaribio letu la kwanza liliishia asilimia 19, moshi ukaingia kwenye kikaushio mkaa ukanuka. Tuliripoti hivyo hivyo na namba zake, tukaeleza bomba lilivuja wapi, awamu ya pili ikaja, na Aprili iliyofuata, mvua inanyesha Mbagala tangu alfajiri, oveni ya maabara ikasoma asilimia 9.