Bwawa la koi uani: maji kwanza, samaki baadae

Jamani wengi wetu tunanunua koi, wale samaki wa mapambo, halafu ndo tunatafuta pa kuwatia, na hapo ndo wanapokufa. Koi asili yake samaki wa maji ya baridi, Wajapani wa Niigata ndo waliomtoa rangi hizi tangu karne ya 19, kwahiyo joto letu la kaskazi kwake ni mtihani, maana maji yakipata moto hewa inapungua ndani yake.

Tafuta pahala penye kivuli cha mchana, upande wa mashariki wa nyumba ni pazuri, au piga banda la makuti. Chini ya mwembe usichimbe, majani yataozea humo. Kina kiwe mita 1 na zaidi. Bwawa la mita 3 kwa 2, kina mita 1.2, linaingia lita 7,200 hivi, hapo tia koi watano, wasizidi saba, wanakua wale mpaka nusu mita na kupita. Kama uko Makunduchi au Jambiani, kusini Unguja, kwenye jiwe tupu usijitese kuchimba, jenga kuta juu ila utie nondo, maji yanasukuma.

Saruji mpya inatoa chokaa, basi jaza maji, acha siku kadhaa, mwaga, rudia mara tatu nne. Na mawe ya matumbawe usiyapambie ndani hata yakikupendeza vipi, nayo yanatoa chokaa. Nasisitiza kwa sababu samaki anatoa amonia kwenye mavi na kwenye matamvua, na amonia hiyohiyo kidogo inazidi kuwa sumu maji yakiwa na moto na chokaa nyingi, na sisi huku vyote viwili tunavyo.

Dawa yake ni filta, yaani chujio la maji. Pipa la lita 200, sponji, vipande vya nyavu kuukuu, na pampu ya kuzungusha maji yote kila saa mbili, yaani lita 3,600 kwa saa kwa bwawa hilo. Bakteria wa kula amonia wanaota humo taratibu, wiki 4 mpaka 6, kwahiyo anza na samaki wawili tu. Sponji lioshe kwa maji ya bwawa lenyewe, ya mfereji yana klorini yanawaua hao bakteria. Kila wiki badili maji kidogo, ndoo kwa ndoo mpaka kama sehemu moja ya kumi, yale ya mfereji yalaze kwanza pipani wazi siku nzima.

Chakula mara mbili kwa siku, kile wanachomaliza kwa dakika tano, kinachobaki kiopoe. Juu tandaza wavu, kulastara na paka hawana huruma.

Umeme ukikatika usiku ndo balaa, mie nishaamka asubuhi nikakuta wakubwa wote wanaelea na wadogo wazima, mkubwa anataka hewa nyingi. Weka pampu ndogo ya hewa ya betri, na kama huna, chota maji kwa ndoo uyamwage kwa juu, tena na tena, mpaka umeme urudi.