Rangi iwe kama tui la pili: kuzimua rangi ya ndege za plastiki

Mchana napiga rangi magari hapa Mombasa. Usiku napiga rangi ndege za kuunganisha, kubwa yao haizidi mkono wangu. Nilipoanza nilijiona nimeshafika: mtu anayepuliza boneti la lori atashindwaje na kibrashi cha hewa chenye tundu la milimita 0.3? Basi nikachukua tina ileile ya gereji, nikazimua, nikapuliza. Asubuhi bawa la kushoto lilikuwa na nyufa ndogondogo kama matope ya kiangazi. Modeli hizi ni za polistirini, na tina kali ya magari huila plastiki hiyo, hasa ukiipaka mbichimbichi. Ile tina sasa naoshea brashi tu.

Mpwa wangu, ambaye ndiye mwanafunzi wangu wa pekee, kila akija huanza na, "Mjomba, ngapi kwa ngapi?" yaani rangi ngapi kwa tina ngapi. Nilichoka kumjibu, nikampeleka jikoni kwa mke wangu siku ya wali wa nazi. Tui la kwanza ni zito, linang'ang'ania ukuta wa bakuli. La pili huteremka upesi, lakini nyuma yake linaacha utando mwepesi ambao rangi ya bakuli inaonekana kupitia humo. La tatu ni maji yaliyopita karibu na nazi. Rangi unayotaka kupuliza ni tui la pili. Inamisha kikombe rangi ipande ukutani, kisha kirudishe na utazame inavyoshuka. Ikishuka kwa kusitasita na kuacha ukuta mzito, ongeza tina. Ikishuka isiache kitu, umepita, ongeza rangi.

Vipimo vipo, lakini ni pa kuanzia tu. Kichupa kimoja na kingine cha rangi ileile havilingani, kwa sababu kila ukifungua kifuniko kuna tina inayoruka.

Kabla ya kipimo chochote, jua rangi yako ni ya ukoo gani. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Rangi za akriliki za kampuni ya Tamiya, zile za X (zinazong'aa) na XF (zisizong'aa), msingi wake ni alkoholi, kwa hiyo zinapatana na tina yao ya X-20A. Naanza nusu kwa nusu, mara nyingi naishia rangi mbili kwa tina tatu. Isopropili ya duka la dawa nayo inafanya kazi, ila inakauka haraka mno kwa joto letu. Vallejo ni ya maji, na hiyo usiisogezee alkoholi wala tina ya laka: itakatika kama tui lililochemshwa bila kukorogwa, mabonge juu, maji chini, na mabonge hayo yataingia kwenye tundu la sindano. Itilie tina yake mwenyewe, au maji safi yaliyokenekwa. Maji ya kisima cha kwetu yana chumvi, usiyatumie. Enameli za Humbrol, zile za vikopo vya mililita 14, huzimuliwa kwa waiti spiriti, na uwe na subira kwa sababu zinakauka polepole. Laka, kama Mr. Color au Tamiya za LP, mimi nazitilia Mr. Leveling Thinner, tina ya kusawazisha, rangi moja kwa tina moja na nusu mpaka mbili. Fungua madirisha na uvae barakoa ya kichujio, ile ya gereji. Kile kitambaa cha kuzuia vumbi hakizuii mvuke.

Kuchanganya kwenyewe ni kazi ya dakika tano ambayo watu huifanya kwa dakika moja. Koroga kichupa kwa kijiti cha mshikaki mpaka usikie chini hakuna tope. Kwenye rangi zisizong'aa, unga unaofuta mng'ao ndio unaolala chini, ukiuacha huko utapata XF inayong'aa na utashangaa. Vuta kwa sirinji, changanya kwenye kikombe cha pembeni, kamwe usichanganyie ndani ya brashi. Na kwenye kikombe cha brashi tangulia kutia matone mawili matatu ya tina tupu, ndipo umimine mchanganyiko. Hivyo rangi nzito haiendi kujibana kwenye sindano kabla ya kitu kingine.

Jaribu kwenye kijiko cha plastiki cha aiskrimu, mgongoni, kwa sababu una mviringo kama mwili wa ndege. Mgandamizo naweka psi 15 mpaka 18, na ncha naisogeza sentimita tano hadi nane. Rangi ikitawanyika kuwa miguu ya buibui, ni nyepesi mno au hewa ni kali. Punguza hewa kwanza, ni rahisi kuliko kurekebisha mchanganyiko. Ikitua kavu, ukipitisha kidole unahisi unga, imekauka hewani kabla ya kufika: ongeza tina, sogea karibu. Ikitoka vipelevipele kama ganda la chungwa, bado ni nzito. Ikitoka kwa kukohoa, usiguse mchanganyiko; futa ncha ya sindano kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa tina, kwani mara nyingi ni rangi iliyokauka pale nchani.

Hali ya hewa ndiyo inayonifanya nisiamini vipimo vya watu wa nchi za baridi. Miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, rangi hukauka ikiwa bado angani, kwa hiyo akriliki naitilia tone moja la kichelewesho cha kukauka, tone kweli, maana ukizidisha itabaki inanata kwa siku. Masika yakiingia tatizo linageuka. Laka inayong'aa hushika ukungu mweupe kwa unyevu, sawasawa na gari linalopigwa rangi siku ya mvua, na tina ya kusawazisha inasaidia kwa kuwa inakauka polepole. Kompresa nayo hutema maji. Funga kinasa maji, na ukimwage kabla hujaanza.

Sasa nyeupe. Hii ndiyo iliyonilaza macho. Nilikuwa najenga Super VC10 ya East African Airways ya kipimo cha 1/144, sentimita 36 kutoka pua hadi mkia. Shirika lilivunjika mwaka 1977, na ndege zilizobaki za aina hiyo zikaishia kuwa za kujaza mafuta angani za jeshi la Uingereza. Kwangu zilikuwa ndizo ndege ambazo baba alizitaja kila tulipopita Embakasi. Nyeupe haizibi vizuri, na jambo la kwanza mtu hufanya ni kuiacha nzito ili izibe upesi. Nilifanya hivyo, na mistari ya paneli ikazama yote. Nikaifuta, nikaanza upya na LP-2, rangi moja kwa tina mbili, upande mwepesi wa kipimo changu, juu ya praima ya kijivu nyepesi.

Mkono wa kwanza wa rangi ulionekana kama chokaa iliyonyeshewa. Mpwa akanitazama. Wa pili, kijivu bado kinachungulia. Kila mkono niliuacha dakika kumi, na nikaanzia mahali tofauti, mara puani mara mkiani, ili ukungu wa rangi usirundikane sehemu moja. Kwenye wa tano kijivu kikatoweka, wa sita ukatoa mng'ao, na ukiishika ndege dhidi ya taa unaona kila mstari wa mlango.

Rangi ya fedha ya tumboni nilisubiri siku mbili kabla ya kuipuliza. Mchanganyiko mweupe uliobaki niliutia kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, nikaandika uwiano wake kwa kalamu. Laka hivyo huhifadhika vizuri, koroga tu tena kabla ya kutumia. Vallejo iliyozimuliwa mimi huimwaga.